Viti Sita na Kabati la Vioo

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Fundi huwasha jiko la gesi. Ni seremala, na hiyo ndiyo kazi yake pekee ya jikoni, naye huifanya kwa madaha kana kwamba ndiye mpishi mkuu. Anafungua koki ya mtungi, anapiga kiberiti, anabandika sufuria kubwa ya mkewe, kisha anakwenda zake uani kupiga mswaki. Ikifika saa kumi na mbili na nusu, Mama Pacha huwa amekwisha kujaza chupa zake tano za chai na kuzipanga kwenye kapu, tayari kwenda gereji ambako vijana wa magari humngoja na vikombe mkononi.

Asubuhi hiyo povu lilikuwa bado mdomoni aliposikia anaitwa.

"Baba Pacha! Njoo uone, moto umekata roho."

Fundi akasukutua haraka, akarudi. Aliutikisa mtungi. Akauinamisha ubavu, ujanja unaojulikana kila nyumba, na mwali mdogo wa bluu ukachungulia, ukacheza kidogo, ukafa. Maji hayakuwa yameanza hata kuimba.

"Ulisema utafika mwisho wa mwezi," alisema Mama Pacha.

"Nilisema mimi. Mtungi haukusema kitu."

"Haya, chukua mdomo wako huo na mtungi, ukimbie. Watu wangu wananingoja."

Muuza gesi alikuwa amesimama mbele ya duka lake, anabandika karatasi mlangoni. Fundi alitua mtungi, akaisoma ile karatasi mara mbili. Bei ilikuwa imepanda mara mbili, na juu yake kidogo.

"Hii umeiandika ukiwa macho kweli?"

"Nimeiandika huku nalia," alijibu muuza gesi. "Ruzuku imeondolewa, Fundi. Si walitangaza redioni miezi yote hii? Leo ndiyo leo."

"Sasa hiyo ruzuku imekwenda wapi?"

"Imehamia kwenye simu. Kaya iliyoandikwa kwenye orodha inatumiwa pesa kila mwezi, inakuja nayo hapa, inanunua kama zamani. Ambayo haikuandikwa, ndiyo inanunua kwa bei unayoiona." Akapiga karatasi kofi ili gundi ishike. "Orodha inabandikwa leo ofisi ya mtaa. Wewe una wasiwasi gani? Watoto wawili, mama mgonjwa, karakana isiyo na ukuta. Usipokuwemo wewe, atakuwemo nani?"

Fundi alicheka kidogo. Aliuinua mtungi mtupu, akaurudisha nyumbani kwa njia ndefu ya nyuma, ile isiyopita mbele ya ofisi.

Yeye alijua kwamba hawamo.

Aliyajua hayo tangu wiki tatu nyuma, siku Karani alipokuja na fomu. Tena Fundi ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kusifu mpango huo. Redio iliposema kwamba ruzuku ya zamani inawanufaisha zaidi wenye mahoteli na wenye majiko manne, yeye aliinua patasi na kusema hapo serikali imenena, anayehitaji apewe mkononi, mwenye nacho ajinunulie.

Karani alikuwa binti mdogo wa miaka ishirini na kitu, viatu vimejaa vumbi, sauti ya chini kama anayeomba radhi. Aliongozana na Mjumbe wa mtaa ili ashuhudie. Mama Pacha aliwakaribisha, akawamiminia chai, akajitwika kapu lake na kuwahi gereji. Wakabaki wanaume wawili, binti na fomu yake, na mama yake Fundi amelala nyuma ya pazia.

Na sebuleni, siku hiyo, kulikuwa na meza ya kulia, viti sita, na kabati kubwa la vyombo lenye milango ya vioo. Vilikuwa vya nesi mmoja wa hospitali, anayemalizia nyumba yake. Karakana ya Fundi ni mabati manne juu ya nguzo, kwa hiyo kazi ikiisha kupigwa vanishi, huiingiza nyumbani isinyeshewe mpaka mwenyewe aje. Watoto wamezoea. Mara wanalala kati ya vitanda vya watu, mara wanapiga hesabu za shule juu ya meza ambayo kesho haipo.

Mjumbe hakujua hayo. Alizunguka meza ile akiipapasa kama anayepapasa shingo ya farasi.

"Kazi safi," alisema. "Umejitengenezea mwenyewe?"

Sasa, Mjumbe huyo huyo ndiye katibu wa kamati iliyokuwa inajenga shule ya chekechea, na shule ilihitaji milango kumi na miwili. Fundi alikuwa ameiomba kazi hiyo tangu msingi unachimbwa. Kabla hajajibu, Mjumbe akaongeza, "Unajua yule seremala tuliyempa madirisha alivyotufanya? Alichukua arubuni ya kununulia mbao, akanunulia unga. Hatumlaumu, njaa ni njaa, lakini safari hii kamati inataka fundi mwenye chake. Fundi anayeshinda njaa hatumtaki tena."

Karani aliinua kalamu. "Samani hizi ni mali ya kaya?"

Fundi alitazama viti. Akamtazama Mjumbe.

"Ni vyetu," alisema.

"Vyote?"

Binti alikuwa ameliona godoro la watoto, limekunjwa na kusukumwa nyuma ya kabati. Fundi aliona kwamba ameliona.

"Vyote. Seremala gani akose viti kwake?"

Mjumbe akacheka sana. Karani hakucheka. Aliandika polepole, kama anayempa mtu nafasi ya kukohoa, kisha akamgeuzia fomu aweke sahihi. Kule nyuma ya pazia, mama yake alikohoa mara moja tu.

*

Orodha ilipobandikwa, Mama Pacha aliisoma mara tatu, ya tatu kwa kidole. Aliporudi nyumbani hakuvua hata kanga ya mabegani.

"Muuza mitumba yumo. Yule mwenye vyumba vya kupangisha naye yumo! Sisi hatumo. Baba Pacha, wewe ulimwambia nini yule binti?"

"Nilijibu alichouliza."

"Basi amekula kitu cha mtu. Binti amekunywa chai yangu, vikombe viwili, tena sukari niliongeza, halafu anaenda kuniandika tajiri. Mimi! Tajiri wa nini, wa masizi?"

Fundi alijifanya anatafuta msasa mfukoni. "Labda ni makosa ya mashine."

"Mashine haijui kuchagua jirani na kumwacha jirani."

Akatoa jiko la mkaa uvunguni, akalipangusa utando wa buibui.

Mkaa una mambo yake. Unataka kuamkiwa saa moja mapema, unataka kupepewa, na mvua ikinyesha hauwashiki uani. Siku ya kwanza chai ilifika gereji saa moja na robo, vijana wamekwisha kuingia chini ya magari. Siku ya tatu mvua ilinyesha, jiko likawashwa ukumbini, na nyumba nzima ikawa kama tanuri. Siku ya tano Mama Pacha alirudi na chupa mbili zimejaa.

"Yupo mwingine amekuja," alisema, akikaa kwenye kizingiti. "Ana gesi. Anafika saa kumi na mbili kamili, kajipaka na mafuta. Vijana wananiambia, mama, tungekungoja, lakini bosi hangoji." Akazitazama chupa zake. "Wameninunulia vikombe vitatu vya kunionea huruma. Nimevipokea."

Pacha mmoja alisema mwalimu amemuuliza kama kwao wanakausha samaki.

"Ukamjibu nini?" aliuliza Fundi.

"Nikamwambia hapana. Darasa zima likacheka."

Fundi aliinuka, akaenda karakana. Siku hiyo hakukuwa na kazi. Alipiga randa kipande cha ubao mpaka kikawa chembamba kama rula, kisha akakitupa.

*

Mama yake alikuwa ameegemea mto, kifua kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Fundi alimshikia kikombe cha maji ya moto. Alikunywa kidogo, akapumzika, akanywa tena.

"Hivi, vile viti vya nesi vinaondoka lini?"

"Kesho, mama. Analeta mkokoteni."

"Aa. Mimi nilidhani tumevirithi."

Fundi aliteremsha kikombe. "Umesikia nini, mama?"

"Mimi kinachoniuma ni kifua, baba. Masikio ni mazima."

Uani Mama Pacha alikuwa anapepea jiko, kifuniko cha sufuria mkononi, pa, pa, pa.

"Mbona hukumwambia mke wangu?" aliuliza Fundi kwa sauti ya chini.

"Kwani mimi ndiye niliyesema ni vyetu?"

"Milango kumi na miwili, mama. Ni kazi ya miezi mitatu. Nikiipata ile, gesi tutainunua kwa bei yoyote. Kamati inakaa Jumamosi. Nikienda kusimama mbele ya Mjumbe nikasema sina kitu, nani atanipa arubuni yake? Watu hawampi pesa fundi aliyechoka."

"Na usipoipata?"

Fundi alimnyanyulia tena kikombe.

"Baba yako alikuja kunichumbia na koti la kuazima," alisema mama yake. "Zuri, la mistari. Mwenye koti akaja kulidai siku ya harusi, watu wamejaa. Alivuliwa pale pale." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkamata mpaka macho yakamtoka machozi. Fundi alimshika mgongo. Mgongo ulikuwa mwepesi, mifupa yote inahesabika kwa kiganja.

*

Nesi alikuja na mkokoteni, akakagua kila kiti kwa kukikalia, akavichukua. Sebule ikabaki na mkeka, godoro la pacha, na alama nne ukutani ambapo kabati lilikuwa limeegemea.

"Sasa waje!" alisema Mama Pacha katikati ya chumba kitupu. "Waje waandike leo! Nimeuliza ofisini. Wanapokea rufaa, na mwisho ni Ijumaa, saa nne. Ukikosa hapo unangoja mwaka mzima. Ila anatakiwa mkuu wa kaya mwenyewe, kwa miguu yake."

"Ijumaa nina kazi ya watu."

"Kazi gani? Jana ulikuwa unachonga hewa."

"Mama Pacha, rufaa zenyewe ni mbele za watu. Kila mtu amekaa pale kwenye benchi anasikiliza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtu ana heshima yake."

Mkewe alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, kope zimevimba, na kwenye kidole gumba alikuwa na lengelenge lililopasuka.

"Mimi nimepokea vikombe vitatu vya huruma kwa vijana ninaowazidi umri," alisema. "Heshima yako iko wapi tuipike?"

*

Ijumaa, kabla ya saa nne, chumba cha ofisi ya mtaa kilikuwa kimejaa. Watu walikaa kwenye mabenchi, na waliokosa nafasi waliegemea kuta. Mbele alikaa Mjumbe, miwani imeshuka puani, na pembeni yake Karani na rundo la fomu. Aliyetangulia alikuwa mjane aliyeandikwa kuwa ana friji. Alieleza kwamba friji limekufa miaka mingi, anawekea nguo. Watu wakacheka, naye akacheka nao, akarekebishiwa.

"Kaya ya Fundi seremala," aliita Mjumbe.

Fundi alisimama, lakini Mama Pacha alikuwa amekwisha kufika mbele.

"Mimi nina neno na huyu binti," alisema. "Binti yangu, nilikupa chai au sikukupa?"

"Ulinipa, mama," alijibu Karani.

"Basi nioneshe ulichoandika."

Karani alivuta fomu, akasoma kwa ile sauti yake ya chini: meza ya kulia moja, viti sita, kabati la vyombo la vioo moja. Kwa pointi hizo, kaya inajiweza.

Mama Pacha alipiga makofi mara moja, kwa mshangao. "Viti vya nesi! Jamani, vile si viti vya nesi? Vimeondoka juzi kwa mkokoteni, mtaa mzima umeona!"

Mjumbe alivua miwani. "Mama, polepole. Mimi nilikuwepo siku ile kwa macho yangu. Mumeo alisema ni vya kwenu, akatia sahihi."

"Mume wangu hawezi kusema hivyo."

"Alisema."

"Basi hukusikia vizuri."

Benchi la nyuma lilicheka. Mtu mmoja alisema, si kwa sauti ya kujificha, "Wamevihamisha ili wapewe pesa." Mwingine akaongeza, "Na mama amevaa miwani ya mbao, haoni haya." Kicheko kikazunguka chumba.

"Mama," alisema Mjumbe, sasa kwa ukali kidogo, "kudanganya kwenye rufaa si mchezo. Anayebainika anafutwa moja kwa moja. Fikiri kabla ya kuendelea."

Mama Pacha hakurudi nyuma. Aligeuka tu, akamtafuta mumewe kwa macho kati ya vichwa vya watu. Hakuwa na shaka yoyote usoni. Hilo ndilo lililomkata Fundi maini.

"Baba Pacha, waambie."

Fundi alisogea mbele. Alitembea kana kwamba amebeba mlango mgongoni. Alijikuna kichogo.

"Mjumbe," alianza, "si unajua mambo ya seremala? Leo ana kiti, kesho amekalia boksi." Akacheka. Wachache wakacheka naye.

"Sasa ni vipi?" alisema Mjumbe. Uso wake ulilainika. Alikuwa mtu asiyependa kumwaibisha mwenzake. "Au uliviuza, Fundi? Maana mtu kuuza vitu vyake si kosa. Nitaandika umeviuza, mkeo hakujua, basi, yameisha. Pesa za mauzo zitawavusha mpaka mwakani, nanyi mtaomba upya."

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Kilichobaki ni kupita. Angesema ndiyo, angetoka pale fundi mwenye chake, na kesho Jumamosi kamati ingekaa na jina lake likiwa safi. Mama Pacha angekasirika siku mbili. Mkaa ungeendelea mwaka mzima.

Alimtazama mkewe. Sasa kulikuwa na shaka, ndogo, inaanza kwenye pembe za mdomo. Alikuwa anafunga vidole vyake ndani ya kanga ili lengelenge lisionekane na watu.

"Sikuviuza," alisema Fundi. "Havikuwa vyangu. Ni vya nesi, kama alivyosema mke wangu. Mimi ndiye niliyedanganya."

Mama Pacha aligeuka, akamkazia macho mumewe.

"Ulidanganya kwa nini?" aliuliza Mjumbe. "Fomu ile ilikuwa ya kukupa, si ya kukunyang'anya."

"Kwa sababu wewe ulikuwepo. Ulisema mnataka fundi mwenye chake."

Mjumbe alirudisha miwani puani, akainama kuangalia karatasi ambayo haikuwa na kitu. "Unajua kamati inakaa kesho," alisema polepole.

"Najua."

Karani alikuwa amekwisha kuvuta fomu mpya. Hakumtazama Fundi usoni. Aliona haya kwa niaba yake. Aliuliza kimoja kimoja. Meza? Hatuna. Viti? Hatuna. Kabati? Hatuna. Vitanda? Kimoja, cha mama. Chanzo cha moto wa kupikia? Mkaa. Nyuma watu walianza kunong'ona, na mjane mwenye friji la nguo alisikika akisema, "Mwacheni aseme."

"Sababu ya rufaa?" aliuliza Karani.

"Andika hali imebadilika."

Binti alishikilia kalamu juu ya karatasi. "Imebadilika lini, mzee?"

Haikuwa imebadilika. Ilikuwa vile vile siku ile ya chai, na mwaka juzi, na kabla. Fundi alisema kitu, lakini lori la mchanga lilikuwa linapita nje na madirisha yote yakatetemeka.

"Sikusikia," alisema Karani.

Fundi alingoja lori lipite. Mama Pacha alikuwa amesimama karibu naye sasa, bega kwa bega.

"Nimesema hatuwezi," alisema Fundi, na sauti yake ilifika mpaka benchi la nyuma. "Gesi hatuwezi kuinunua. Mama yangu hapati pumzi, mke wangu anarudi na chai yake, na mimi sina kitu. Sina. Tunaomba mtusaidie."